Umepewa barua ya kujieleza? Hatua za kuchukua kabla na baada ya kupigwa kalamu Kenya

Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kukufuta na bado akashindwa mahakamani. Vilevile unaweza kuwa umeonewa waziwazi na ukaambulia patupu kwa sababu hukufika kwenye kikao, au ulitia sahihi karatasi ambayo hukuisoma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri avuke vizingiti viwili: athibitishe sababu ya kukuachisha (vifungu vya 43 na 45), kisha aonyeshe alifuata utaratibu wa haki (kifungu cha 41). Hukumu inayonukuliwa kila mara kwenye jambo hili ni ya Walter Ogal Anuro dhidi ya Tume ya Huduma za Walimu, ya 2013. Kizingiti kimoja kikimshinda, uachishaji huo si wa haki.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi aliyeko Kenya. Wasomaji wa Tanzania wana sheria yao na tume yao ya usuluhishi, na namba za vifungu hapa haziwahusu.

Je, sheria inakulinda?

Karibu kila aliyeajiriwa analindwa, na hapa ndipo waajiri wengi hubaki na habari za zamani. Kifungu cha 45(3) kilisema lazima uwe umefanya kazi miezi 13 mfululizo ndipo ulalamike. Mahakama ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2012 katika kesi ya Samuel Momanyi. Kwa walio kwenye majaribio, kifungu cha 42(1) kilimruhusu mwajiri kuwafuta bila kuwasikiliza. Nacho kiliangushwa mwaka 2021 na majaji watatu katika kesi ya Monica Munira Kibuchi na wenzake. Kwa hiyo meneja akikwambia "wewe bado uko probesheni, sina haja ya kukuita kikao", amechelewa miaka kadhaa.

Kibarua wa kulipwa kwa siku ana kifungu cha 37. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au ukipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, unahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi na unastahili notisi ya maandishi ya siku 28. Shida ya vibarua huwa ni ushahidi. Weka ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha za daftari la zamu na namba za simu za mliofanya kazi pamoja. Usipokuwa na mkataba ulioandikwa, kifungu cha 10(7) kiko upande wako: kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na asipoweza kuutoa, yeye ndiye wa kukanusha masharti unayoyadai.

Siku ya barua

Barua ya kutakiwa kujieleza si barua ya kufutwa, na si kikao. Ni mwaliko wa kujibu kwa maandishi. Ukiipokea, andika juu ya nakala yako tarehe na saa uliyopewa. Kutia sahihi kuonyesha umeipokea hakukudhuru. Ukiogopa, andika kando ya sahihi: "Nimepokea, sijakubali yaliyomo." Kukataa kuipokea ndiko kunakodhuru, kwa sababu kesho itaandikwa kwamba ulikaidi.

Isome ukitafuta mambo matatu: kosa ni lipi hasa, lilitendeka lini na wapi, na linavunja kanuni gani. "Utovu wa nidhamu" peke yake si shtaka. "Tarehe 4 Juni, zamu ya usiku, katoni 6 zilitoka ghalani bila hati ya kutolea bidhaa" ni shtaka, maana unaweza kulijibu. Ukikuta barua ya kijuujuu, usijibu kijuujuu. Omba maelezo kwa maandishi siku hiyohiyo, mfano:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe 6 Juni. Ili niweze kujibu ipasavyo, naomba nipewe (1) tarehe na mahali pa tukio linalodaiwa, (2) nakala ya ripoti ya ukaguzi iliyotajwa katika aya ya pili, na (3) rekodi ya kamera ya usiku huo. Naomba pia niongezewe muda wa kujibu hadi siku tatu baada ya kupata nyaraka hizo."

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 41 chenyewe kinataka maelezo yatolewe kwa lugha unayoielewa. Tuma kwa baruapepe, au peleka nakala mbili na moja igongwe muhuri.

Wakikunyima nyaraka, jibu hata hivyo kwa kile unachokijua na useme wazi kwamba umenyimwa. Kunyamaza husomwa kama kukosa la kusema. Kukiri nusunusu kwa kutafuta huruma nako ni kosa la kawaida: "nilikosea lakini sikuwa na nia mbaya" ni sentensi ambayo wakili wa mwajiri ataisoma mahakamani hadi mwanzo wa "lakini". Kama ulikosea, eleza ulichofanya na kwa nini, ukitaja tarehe, kisha utaje miaka uliyofanya kazi bila onyo.

Tahadhari kuhusu ushahidi: jitumie mkataba wako, hati za mshahara, barua za tathmini na mawasiliano yanayokuhusu. Usipakue orodha ya wateja wala faili za kampuni. Hilo ni kosa jipya, na utakuwa umemkabidhi mwajiri sababu ambayo hakuwa nayo.

Kusimamishwa kazi kwa muda ili uchunguzi ufanyike si adhabu na si kufutwa. Kama unalipwa kamili, nusu au hulipwi, jibu limo kwenye mkataba, kitabu cha kanuni za wafanyakazi au mapatano ya chama cha wafanyakazi. Soma hapo kwanza kabla ya kulalamika.

Kikao cha nidhamu

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Shirika la Posta dhidi ya Andrew Tanui ya 2019, ilikigawa kifungu cha 41 katika mambo manne. Uelezwe shutuma kwa lugha unayoielewa. Uambiwe sababu inayofanya mwajiri afikirie kukuachisha. Uwe na mfanyakazi mwenzako, au mwakilishi wa chama wa hapo kazini, uliyemchagua wewe, na awepo wakati wa maelezo hayo. Kisha mwajiri akusikilize wewe na huyo mwenzako, na ayapime mliyoyasema kabla ya kuamua.

Kifungu hiki kinahusu utovu wa nidhamu, utendaji duni na kushindwa kazi kwa sababu ya afya. Kinahusu pia kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44: ulevi kazini, matusi, kutohudhuria bila ruhusa, kukaidi amri halali, kushukiwa kwa misingi ya kueleweka kwamba umetenda kosa la jinai dhidi ya mwajiri. Watu husikia "papo hapo" wakadhani hakuna kikao. Kinachoondolewa ni notisi tu. Kifungu cha 41(2) kinadai usikilizwe hata hapo.

Sheria ya Kenya haikutaja idadi ya saa za kujiandaa. Tanzania kanuni za 2007 zinasema kwa kawaida zisipungue 48. Kenya kipimo ni muda wa kutosha kulingana na uzito wa shutuma. Kuitwa saa nne asubuhi kwa kikao cha saa tano, kwa hesabu za ghala za miezi minane, hakutoshi. Lakini usigome. Nenda, na neno lako la kwanza liwe kwamba unaomba kikao kiahirishwe hadi tarehe fulani ili usome nyaraka, na ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Wakikataa, endelea ukiwa umeshaweka pingamizi. Mfanyakazi anayeitwa akakataa kuja hawezi baadaye kulia kwamba hakusikilizwa, na majaji hawana subira na hoja hiyo.

Usiende peke yako. Barua ya mwaliko isipotaja haki ya kuja na mwenzako, huo ni ufa katika kesi ya mwajiri, na wewe mwandikie mapema jina la unayetaka aje. Mwenzako huyo si mtazamaji. Anaruhusiwa kusema, na ni vyema ashike kalamu, maana kumbukumbu rasmi huandikwa na upande wa pili. Wakili hatajwi kwenye kifungu cha 41. Ataingia tu kama kanuni za kampuni zinamruhusu.

Angalia pia waliokaa upande wa pili wa meza. Aliyekushtaki akiwa ndiye mwenyekiti, au aliyefanya ukaguzi akiwa pia mwamuzi, weka pingamizi hapo hapo kwa jina na cheo. Mashahidi wao wakizungumza, omba kuwauliza maswali. Wakileta karatasi mpya kikaoni, omba muda wa kuisoma. Wakiingiza kosa ambalo halikuwa kwenye barua, sema: "Hili halimo katika barua yenu ya tarehe fulani na sijapewa nafasi ya kulijibu." Mwajiri hukamatwa sana kwenye hili: barua ya kujieleza inasema uchelewaji, barua ya kufutwa inasema wizi.

Mwishoni omba nakala ya kumbukumbu. Ukiambiwa utie sahihi na zina makosa, andika masahihisho yako chini kabla ya sahihi. Usiku huohuo jiandikie ukurasa mmoja: nani walikuwepo, kikao kilianza na kwisha saa ngapi, uliuliza nini, ulijibiwa nini. Kesi inaweza kusikilizwa miaka miwili baadaye, na hakuna atakayekumbuka.

Wengine huwasikiliza wafanyakazi kwa kubadilishana barua tu. Mahakama zimewahi kukubali kwamba si lazima kila usikilizwaji uwe wa mdomo, lakini mwajiri wa namna hiyo hubaki na swali gumu: yule mwenzako wa kifungu cha 41 alikuwepo wapi?

Kuhusu utendaji duni, utaratibu huanza mbali kabla ya kikao. Mwajiri aonyeshe ulipewa malengo, ulipimwa, ukaambiwa umepungukiwa wapi, ukapewa muda na msaada wa kujirekebisha. Tathmini iliyoandikwa wiki moja kabla ya kukufuta, baada ya miaka mitano ya alama nzuri, haina nguvu kubwa.

Kupunguzwa wafanyakazi ni njia nyingine kabisa, kifungu cha 40: notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama au kwako na kwa afisa wa leba, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kama nafasi yako "imefutwa" na wiki mbili baadaye imetangazwa kwa jina jingine, hifadhi tangazo hilo.

Ukifutwa kwa mdomo

"Nenda nyumbani, tutakuita." Kisha hawaiti. Mahakamani mwajiri atasema hakukufuta, wewe ulitoroka kazi. Dawa yake inagharimu shilingi chache, na iwe siku hiyohiyo. Tuma ujumbe au baruapepe kwa meneja:

"Leo tarehe 12 Agosti saa 2:30 asubuhi umeniambia langoni nisirudi kazini. Sijapewa barua wala sababu. Niko tayari kuendelea na kazi. Tafadhali nijulishe kwa maandishi."

Rudi kesho yake ukiwa na mtu wa kushuhudia. Majaji wamesema mara nyingi kwamba mwajiri anayedai utoro lazima aonyeshe juhudi alizofanya kukutafuta. Akiwa na ujumbe wako ambao hakuujibu, hoja ya utoro inakufa.

Kinachofanana na hili ni kuambiwa ujiuzulu ili upewe barua nzuri ya sifa. Barua ya kujiuzulu ikishatoka mikononi mwako, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulisukumwa unakuwa wako, na ni mzito. Kama kweli mazingira yamefanywa yasivumilike, mshahara umepunguzwa nusu bila ridhaa kwa mfano, kwanza lalamika kwa maandishi. Ukiondoka, sababu hiyo iandikwe ndani ya barua yenyewe. "Sababu za kibinafsi" itakuzika.

Karatasi ya mwisho

Hundi ya malipo ya mwisho huja pamoja na hati inayosema umepokea haki zako zote na hutadai chochote tena. Mahakama ya Rufani imesema katika kesi ya Thomas De La Rue dhidi ya David Opondo Omutelema (2013) kwamba hati kama hiyo haifungi mlango moja kwa moja. Hutegemea mazingira ya kila kesi. Lakini mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers dhidi ya Kimathi Mithika, mahakama hiyohiyo ilimfunga mfanyakazi kwa makubaliano aliyoyatia sahihi, kwa kuwa hakukuwa na udanganyifu, kosa wala shinikizo. Kwa hiyo usitegemee huruma. Soma maneno. Kama hati inasema tu "nimepokea shilingi kadhaa za mshahara na likizo", tia sahihi. Kama inasema "sitakuwa na dai lolote dhidi ya mwajiri", omba siku mbili umwonyeshe wakili. Fedha za siku ulizofanya kazi ni zako kwa mujibu wa kifungu cha 18(4), hata ukiwa umefutwa papo hapo.

Saa inayokimbia

Kwa afisa wa leba, malalamiko yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa (kifungu cha 47). Njia hiyo haina gharama ya kesi na hufaa kwa madai madogo, lakini si lazima uipitie kabla ya kwenda mahakamani.

Kwa mahakama, kikomo ni miaka mitatu chini ya kifungu cha 90, ambacho machapisho mapya ya sheria yanakiandika kuwa cha 89. Mahakama haina mamlaka ya kukuongezea hata siku moja. Rufaa ya ndani ya kampuni, mazungumzo ya kupatana, ahadi za "tunalishughulikia", vyote havisimamishi saa. Wala kesi ya jinai haisimamishi. Katika kesi ya Andrew Maina Githinji ya 2016, waliosubiri kesi yao ya jinai iishe kwanza walikuta muda umewapita. Tena, kuachiliwa na mahakama ya jinai hakufuti kufutwa kazi kwenyewe, maana vipimo vya ushahidi ni tofauti. Mwajiri anatakiwa tu kuonyesha kwamba wakati ule aliamini kweli, kwa sababu za kueleweka, kwamba kosa lilitendeka.

Kupiga hesabu

Chukua mtu wa mshahara wa jumla wa shilingi 45,000 kwa mwezi, aliyefutwa tarehe 14 Februari 2025 bila kikao, akiwa na siku 12 za likizo ambazo hakuzichukua.

Mwezi mmoja badala ya notisi: 45,000.
Siku 14 za Februari, 45,000 ÷ 28 × 14: 22,500.
Likizo, 45,000 ÷ 26 × 12: 20,769.
Jumla ya vilivyo vyake hata bila fidia: 88,269.

Likizo imegawanywa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi, kwa kuwa siku 21 za likizo za mwaka ni siku za kazi. Mwajiri atakayegawanya kwa 30 atapata 18,000, na hapo kuna jambo la kubishania.

Kisha fidia ya kifungu cha 49, isiyozidi mishahara 12 ya jumla, yaani 540,000. Hicho ni kikomo cha juu, si bei ya kawaida. Jaji huangalia miaka uliyofanya kazi, uwezekano wa kupata kazi nyingine, kama ulijitafutia kazi na, jambo ambalo watu hulisahau, mchango wako mwenyewe katika kufutwa. Aliyekosewa utaratibu pekee huku kosa likiwa la kweli hupata miezi michache. Andika basi maombi ya kazi uliyotuma na tarehe zake.

Malipo ya utumishi (ya kila mwaka uliofanya kazi) chini ya kifungu cha 35(5) usiyadai kama ulikuwa mwanachama wa NSSF, hazina ya hifadhi ya jamii; 35(6) inakuondoa. Madai yaliyojazwa kila kitu, saa za ziada za miaka sita bila rekodi hata moja, hupunguza imani ya jaji kwa yale yaliyo ya kweli.

Kufungua dai

Anza na barua ya madai kwa mwajiri, ikitaja kiasi na siku za kujibu, kwa kawaida 7 au 14. Mtu aliyelipwa kisichozidi shilingi 80,000 kwa mwezi hufungua kwa mahakimu waliotangazwa katika Gazeti la Serikali mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko. Unapeleka hati ya madai, taarifa yako ya shahidi na orodha ya nyaraka. Picha za mazungumzo ya WhatsApp ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kikitaja simu iliyotumika na jinsi zilivyochapishwa. Bila cheti hicho, wakili wa upande wa pili atataka ziondolewe.

Kifungu cha 47(5) kinagawa mzigo: wewe unaonyesha kwamba ulifutwa isivyo haki, mwajiri anahalalisha sababu zake. Kumbukumbu za kikao, orodha ya waliohudhuria na barua ya mwaliko ni vyake kuvileta. Ukiona havimo kwenye nyaraka zake, mtumie notisi ya kuvitoa kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kurudishwa kazini kunawezekana, ila ndani ya miaka mitatu tangu kufutwa, na hutolewa mara chache. Kama ndilo unalolitaka, fungua dai mapema, kabla nafasi yako haijajazwa.

Cheti cha utumishi, kifungu cha 51, kidai hata kama huna mpango wa kushtaki. Aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anakistahili, akiwa amefutwa kwa kosa lolote. Kinataja mwajiri, wewe, tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali. Hakimlazimishi mwajiri kukusifu, na mwajiri hawezi kukishikilia akisubiri urudishe sare.